Virginia Apgar: Jina lililo kwenye kadi ya mtoto wako

KAMA una mtoto aliyezaliwa hospitalini au kituo cha afya, itafute karatasi aliyopewa mama yake siku ya kutoka wodini. Iwe imeandikwa kwa Kifaransa kama hizi za kwetu Burundi, au kwa Kiswahili na Kiingereza kama zile tulizorudi nazo kutoka Tanzania, mara nyingi utakuta neno moja lisilotafsiriwa popote: Apgar. Mbele ya neno hilo kuna tarakimu, pengine 8 na halafu 10.

Wengi hudhani ni neno la kidaktari kama yalivyo mengine tusiyoyaelewa. La hasha. Ni jina la ukoo la mwanamke mmoja wa Marekani aliyefariki dunia mwaka 1974, na ambaye hakuwa hata daktari wa watoto. Alikuwa daktari wa usingizi, yule anayemlaza mgonjwa kwa nusukaputi kabla ya kisu. Alianza kuwapa watoto alama kwa sababu ya swali ambalo hadi leo linamhusu kila mama anayetundikiwa dripu ya uchungu: dawa hii inamfanya nini yeye, na inamfanya nini mtoto aliye tumboni?

Virginia Apgar alizaliwa Juni 7, mwaka 1909, katika mji wa Westfield, jimbo la New Jersey. Nyumba yao ilijaa muziki na vyombo vya sayansi. Baba yake, Charles, alikuwa mtu wa bima, lakini jioni alishughulika na redio alizoziunda mwenyewe. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alinasa na kurekodi mawasiliano ya kituo cha redio cha Wajerumani kilichokuwa Sayville, karibu na New York. Nyumba hiyo hiyo ilikuwa na ugonjwa. Kaka yake mmoja alikufa kwa kifua kikuu, na mwingine aliugua mara kwa mara. Binti akakua akipiga fidla na akitaka udaktari.

Mwaka 1929 alihitimu katika Chuo cha Mount Holyoke, akiwa amejilipia sehemu ya gharama kwa vibarua vya kila aina, kimojawapo kikiwa kukamata paka wa kuzurura kwa ajili ya maabara ya zoolojia. Mwaka huo huo akaingia chuo cha udaktari cha Columbia, jijini New York, wakati uchumi wa Marekani ukianza kuporomoka. Alimaliza mwaka 1933 akiwa wa nne katika darasa lake, na akiwa na deni la karibu dola 4,000. Sisi tuliosoma kwa daftari za msaada kule Ulyankulu tunaweza kucheka kusikia Mmarekani naye alisumbuliwa na karo, lakini kwa dola za wakati ule deni hilo lilikuwa mlima.

Alitaka kuwa daktari wa upasuaji, na mikono yake iliweza. Mkuu wake, Allen Whipple, alimshauri aache. Alimweleza kwamba wanawake wengine aliowafundisha kazi hiyo hawakupata riziki ya kutosha, na kwamba angefanya vizuri zaidi upande wa usingizi. Wengine huisimulia habari hii kama busara ya mzee. Mimi naona ni mlango uliofungwa kwa upole. Hata hivyo Whipple alikuwa na hoja ya pili, na hiyo ilikuwa ya kweli: upasuaji haungeweza kusonga mbele kama kazi ya kumlaza mgonjwa haikupata madaktari wa kuifanyia utafiti. Wakati huo nchini Marekani kazi hiyo ilifanywa zaidi na wauguzi.

Akaenda kujifunza, kwanza Wisconsin kwa Ralph Waters, kisha hospitali ya Bellevue. Mwaka 1938 alirudi Columbia kuongoza kitengo cha usingizi ambacho kwa muda mrefu kilikuwa ni yeye na watu wachache mno. Mwaka 1949 akawa mwanamke wa kwanza kupewa uprofesa kamili katika chuo hicho cha udaktari. Lakini kitengo chake kilipopandishwa kuwa idara kamili, ukuu wa idara alipewa mwanamume. Dk. Apgar akahamishia nguvu zake katika wodi ya wazazi, hospitali ya Sloane, iliyokuwa chini ya chuo hicho.

Ni huko alikoona jambo ambalo wengine walikuwa wamelizoea.

Katika miaka ile, mama wa Kimarekani mwenye uchungu alipewa dawa nyingi: za kutuliza, za maumivu, na mwishoni gesi ya usingizi. Wapo waliozinduka wakaambiwa wameshazaa. Watoto nao, baadhi yao, walitoka wamelegea kama kitambaa kilicholowa, hawalii. Vifo vya watoto wachanga kwa jumla vilikuwa vikipungua, lakini vile vya saa za kwanza baada ya kuzaliwa havikupungua kwa kasi hiyo. Chumba kizima kilimtazama mama. Mtoto alisogezwa pembeni, na hali yake iliandikwa kwa neno moja tu, kwamba ni nzuri au si nzuri, kila daktari na kipimo chake kichwani.

Nasisitiza hapa kama ninavyosisitiza darasani: kondo la nyuma si ukuta. Dawa nyingi za usingizi na za maumivu zikiingia katika damu ya mama humfikia mtoto. Mama akipewa pethidini saa mbili au tatu kabla ya kujifungua, mtoto anaweza kuzaliwa akiwa mzito wa kupumua. Mgonjwa aliyeandikiwa dawa ni mmoja, wanaoipata ni wawili.

Inasimuliwa kwamba asubuhi moja, kwenye kantini ya hospitali, mwanafunzi alimuuliza Dk. Apgar ni vipi mtu anaweza kuipima hali ya mtoto aliyetoka tu kuzaliwa. Akachukua kikaratasi kilichokuwa mezani, akaandika mambo matano, kisha akainuka haraka kwenda leba kuyajaribu.

Mambo yenyewe ni haya. Mapigo ya moyo: je, yapo, na yanazidi 100 kwa dakika? Pumzi: je, mtoto analia kwa nguvu, au anapumua kwa kusuasua? Misuli: je, amekunja mikono na miguu, au amelegea? Akiguswa au akiingizwa mrija puani, je, anakunja uso, anapiga chafya? Na rangi ya mwili. Kila jambo lina alama 0, 1 au 2, na jumla haizidi 10. Hupimwa sekunde 60 baada ya mtoto kutoka. Hakuna mashine wala umeme, na mkunga wa zahanati ya kijijini anaweza kuifanya kazi hiyo akiwa na saa na vidole vyake.

Yeye mwenyewe hakuzilinganisha alama hizo tano. Aliuona moyo kuwa na uzito kuliko vyote, na rangi kuwa kipimo dhaifu, kwa kuwa karibu kila mtoto hutoka akiwa na rangi ya bluu-bluu. Kwa watoto wetu wenye ngozi nyeusi mkunga mzuri hatazami mgongo. Hutazama midomo, ulimi, viganja na nyayo. Aliongeza sharti jingine ninalolipenda sana: aliyemzalisha mtoto asiwe yeye wa kumpa alama, kwa sababu kila fundi huona kazi yake ni ya 10.

Tena hapa niwatulize wazazi. Mfanyabiashara mmoja anayepita mara kwa mara mpaka wa Mugina aliwahi kunijia shuleni na kadi ya mtoto wake, akitaka kujua kama mtoto aliyepata 6 siku ya kuzaliwa atakuja kurudia darasa. Hapana, ndugu yangu. Alama ya Apgar si mtihani wa akili. Inaeleza hali ya mtoto katika dakika ile tu, na wengi walioanza na 5 au 6 hupata 9 dakika ya tano. Na mtoto asiyepumua hasubiriwi dakika iishe ndipo asaidiwe. Msaada huanza mara moja.

Dk. Apgar aliwasilisha kazi yake mwaka 1952 na kuichapisha mwaka 1953. Alitumia alama za watoto zaidi ya 1,000, na jambo alilokuwa akilitafuta likajitokeza. Watoto waliotolewa kwa upasuaji huku mama akiwa amechomwa sindano ya ganzi ya mgongoni walikuwa na alama za juu kuliko wale ambao mama zao walilazwa kwa nusukaputi. Hali ile iliyokuwa ikiitwa bahati ya mtoto ikaonekana kwamba sehemu yake ni athari ya dawa.

Sasa tazama jinsi mambo yanavyokutana. Mwaka huo huo wa 1953, katika jiji hilo hilo la New York, mkemia Vincent du Vigneaud wa chuo cha udaktari cha Cornell alitangaza kuwa ameweza kuitengeneza oksitosini katika maabara. Ndiyo dawa ya dripu ya uchungu. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1909, madaktari walikuwa wakitumia maji yaliyokamuliwa kutoka tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa wanyama. Nguvu yake haikuwa sawa kila chupa, na palikuwa na mama waliopasuka mji wa mimba. Du Vigneaud alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1955. Kwa hiyo upande mmoja wa jiji ilipatikana dawa yenye kipimo cha uhakika, na upande mwingine kikapatikana kipimo cha yule anayeipokea bila kuulizwa.

Dawa hiyo imeokoa wengi, wala sitaki mama yeyote aikimbie. Mimba iliyopitiliza wiki, presha ya mimba, chupa iliyopasuka na uchungu hauji: hapo kuanzishiwa uchungu kunaweza kuwa ndiyo uhai. Lakini ni dawa inayotaka mtu wa kukaa nayo. Ikizidi, mji wa mimba hukaza bila kupumzika, na kila unapokaza damu inayokwenda kwa mtoto hupungua. Mikazo zaidi ya mitano ndani ya dakika 10 ni ishara ya hatari. Moyo wa mtoto unatakiwa uwe kati ya 110 na 160 kwa dakika, nao husikilizwa kila nusu saa au mara nyingi zaidi. Mama hupimwa mapigo na presha. Akipewa oksitosini nyingi pamoja na maji mengi kwa saa nyingi, mwili unaweza kushikilia maji, aumwe kichwa, achanganyikiwe, hata apate degedege. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka mama mwenye dripu hiyo asiachwe peke yake.

Mwaka 2011, miaka miwili baada ya sisi kurudi nchini, nilitundikiwa dripu hiyo katika kituo ambacho sitakitaja. Muuguzi alikuwa mmoja, sisi tulikuwa saba. Alifungua dripu akaenda kwa mwingine, na hakurudi kwa muda mrefu. Aliyebaki nami ni mama mkwe wangu, mwanamke asiyejua kusoma, ambaye alizaa watoto wake wote makambini. Alikuwa ameweka kiganja tumboni mwangu. Baada ya muda akasema kwa Kirundi kwamba tumbo hili halilegei tena, akatoka nje kumtafuta muuguzi, akamrudisha kwa kumshika mkono. Muuguzi aliifunga dripu, akanilaza upande wa kushoto, akasikiliza mtoto. Binti yangu alitoka na 5, dakika tano baadaye akawa na 9. Ziko kwenye kadi yake.

Oksitosini ina fadhila hiyo: ukiifunga, nguvu yake hupungua ndani ya dakika chache. Kidonge hakina fadhila hiyo, na hapa nazungumza hasa na ninyi mnaovuka Kobero na Mugina na mizigo. Misoprostoli, vidonge vilivyotengenezwa kwanza kwa vidonda vya tumbo, navyo huanzisha uchungu. Vinatokana na elimu ya prostaglandini, ambayo kwa upande wa kuanzisha uchungu ilipata mojawapo ya majaribio yake ya kwanza hapa jirani, Kampala, pale Sultan Karim na wenzake wa Makerere walipochapisha matokeo yao mwaka 1968. Kidonge cha kawaida kina mikrogramu 200. Kiasi kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani kwa kuanzisha uchungu kwa njia ya mdomo ni mikrogramu 25 kila saa mbili, yaani sehemu ya nane ya kidonge. Anayemeza kizima nyumbani ameongeza mara nane, na kikishapita kooni hakuna bomba la kufunga. Mwenye kovu la upasuaji wa uzazi hapewi kabisa, kwa kuwa kovu linaweza kuachia.

Na jambo ambalo wakunga wa mipakani hulalamikia: mama amepewa kidonge ng'ambo, akavuka, akafika hospitali ya upande wa pili akanyamaza kimya kwa aibu au kwa kuogopa kugombezwa, naye akatundikiwa dripu. Dawa mbili zinakutana ndani ya mwili mmoja. Mama, kitaje ulichomeza na saa uliyokimeza, na kama uliwahi kupasuliwa useme. Dada wa leba akigomba, mwache agombe.

Turudi kwa Dk. Apgar, kwani kipande cha maisha yake ninachokiheshimu kuliko vyote kinafuata. Pamoja na wenzake Duncan Holaday na Stanley James alianza kuipima damu ya watoto wachanga, hewa iliyomo na kiwango cha asidi. Wakati huo wapo walioamini kwamba mtoto kukosa hewa kidogo wakati wa kuzaliwa ni jambo la kawaida lisilo na neno. Vipimo vikaonyesha kwamba mtoto mwenye alama za chini alikuwa kweli na shida katika damu yake. Kisha ikaja zamu ya gesi iitwayo saiklopropeni. Hiyo ndiyo gesi Dk. Apgar aliyoipenda kuliko zote na aliyokuwa ameizoea kwa miaka. Takwimu zilionyesha kwamba watoto wa mama waliopewa gesi hiyo walitoka wamelegea zaidi. Hakubishana na hesabu zake mwenyewe. Alikiri mbele ya wenzake kwamba amenyang'anywa gesi yake kipenzi, akaachana nayo.

Baadaye utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali nyingi za Marekani, kwa watoto zaidi ya 17,000, ulithibitisha kwamba alama hizo zina maana, na kwamba zile za dakika ya tano zinaeleza zaidi kuliko za dakika ya kwanza. Ndiyo sababu kadi ya mtoto wako ina tarakimu mbili. Mwaka 1962 daktari mmoja wa Denver, Joseph Butterfield, aligundua kwamba herufi za jina Apgar zinaweza kusimamia mambo yale matano kwa Kiingereza, na tangu hapo wanafunzi wengi hawajui kama alikuwa mtu. Upande wetu wa Afrika nao haukukaa bure: mwaka 1972 madaktari Philpott na Castle, wakiwa katika nchi inayoitwa Zimbabwe leo, walichapisha ile chati ya uchungu yenye mistari, patografu, ambayo wakunga wetu huijaza kabla ya kufika kwenye Apgar.

Mwaka 1959, akikaribia miaka 50, aliacha kazi ya usingizi, akasoma shahada ya afya ya jamii Johns Hopkins, na kujiunga na taasisi ya March of Dimes kushughulikia watoto wanaozaliwa na ulemavu. Alisafiri mno, akahubiri chanjo ya rubela baada ya mlipuko wa mwaka 1964 na 1965, na mwaka 1972 akatoa pamoja na Joan Beck kitabu cha kuwaeleza wazazi mambo hayo kwa lugha nyepesi. Alizungumza haraka, aliendesha gari haraka, na katika mkoba wake alibeba kisu kidogo na mrija wa kupitishia hewa, asije akamkuta mtu barabarani ameshindwa kupumua. Hakuolewa. Alipozidi miaka 50 alianza kujifunza kurusha ndege.

Fidla hakuiacha. Mgonjwa wake mmoja, Carleen Hutchins, mwalimu wa sayansi kama mimi, alimfundisha kuziunda kwa mkono. Siku moja wakaona kwamba rafu ya kibanda cha simu pale hospitalini ilikuwa ya mbao safi isiyopatikana madukani. Uongozi ukakataa kuiuza. Wakaenda usiku, Dk. Apgar akilinda mlangoni, Hutchins akibadilisha rafu ile kwa mbao nyingine iliyofanana nayo. Profesa wa Columbia, mlinzi wa wizi wa mbao! Rafu ile ikawa mgongo wa fidla kubwa, ile yenye sauti nzito.

Alifariki Agosti 7, mwaka 1974, akiwa na miaka 65, katika hospitali ile ile alikojifunza udaktari. Mwaka 1994 posta ya Marekani ilitoa stempu ya senti 20 yenye sura yake, na siku ya kuizindua madaktari wanne walipiga muziki kwa vyombo alivyoviunda mwenyewe.